Nani Atakayengoja? Muda, Utaratibu na Maneno katika Kesi za Hataza za Dawa

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili zinazokabiliana. Ya kwanza husema kwamba haraka haraka haina baraka. Ya pili hujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Aghalabu methali hizi hufundishwa darasani kama mfano wa ukinzani katika hekima ya jadi, na mwanafunzi huachiwa aamue ni ipi ya kutumiwa wakati gani. Katika kesi za hataza za dawa, ukinzani huu si zoezi la darasani. Mahakama hutakiwa isifanye papara kwa kuwa mambo yanayobishaniwa ni mazito na ya kitaalamu. Hata hivyo, kila mwezi unaopita bila hukumu kuna kampuni inayovuna faida, kuna nyingine inayoikosa, na kuna mgonjwa anayelipa bei ya juu au anayeikosa dawa kabisa.

Makala haya yananuia kueleza jinsi muda unavyopangwa katika kesi hizo nchini Marekani, ambako sheria imeuhesabu utaratibu wake kwa siku na kwa miezi. Hoja kuu ni kwamba ratiba ya kesi ni sehemu ya ugomvi wenyewe. Kabla jaji hajaandika neno moja la hukumu, utaratibu huwa umekwisha kuamua ni nani atakayengoja na ni nani atakayefaidika na kungoja kwa mwenzake. Aidha, msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kulifuatilia suala hili. Katikati ya ratiba hiyo huwapo hatua ambayo kazi yake yote ni kufasiri maneno, na neno moja dogo limewahi kuondoa ulinzi wa miaka kumi.

Istilahi za Msingi

Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili, kwa muda maalumu, awazuie wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila idhini. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, uliotiwa saini mwaka 1994, uliweka kipindi cha miaka 20 tangu siku ombi la hataza lilipowasilishwa kuwa kipimo cha jumla.

Hati ya hataza ina sehemu mbili kuu. Kuna maelezo, ambayo humweleza mtaalamu jinsi uvumbuzi unavyofanya kazi, na kuna madai, ambayo huchora mipaka ya kile kinachomilikiwa. Madai huorodheshwa kwa nambari, na kwa desturi ya Marekani kila dai huandikwa kwa sentensi moja tu, hata kama sentensi hiyo itajaza ukurasa mzima. Mwanaisimu atatambua mara moja hatari iliyopo: mali yenye thamani ya mabilioni ya dola huegemea sentensi moja, pengine kirai kimoja ndani ya sentensi hiyo.

Dawa asilia ni ile iliyotolewa sokoni kwanza na kampuni yenye hataza, kwa jina la kibiashara. Dawa ya jeneriki ni nakala halali yenye kiambato kilekile tendaji, kipimo kilekile na utendaji sawa mwilini, inayotengenezwa na kampuni nyingine. Ni muhimu kusisitiza kwamba jeneriki si dawa bandia. Dawa bandia humdanganya mnunuzi kuhusu asili au viambato vyake, ilhali jeneriki husajiliwa na mamlaka ya dawa na hutaja wazi kilichomo. Tofauti hii itarejelewa mwishoni mwa makala.

Sheria ya 1984 na Hesabu ya Siku

Kabla ya mwaka 1984, kampuni iliyotaka kutengeneza nakala ya dawa nchini Marekani ilikabiliwa na vikwazo viwili. Kwanza, mara nyingi ilitakiwa kurudia majaribio ghali ambayo mwenye dawa asilia alikwisha kuyafanya. Pili, mnamo Aprili 1984 mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza ilishikilia kwamba hata kuifanyia dawa majaribio kabla ya hataza kuisha kulikuwa ukiukaji. Kwa hiyo, siku hataza ilipoisha, nakala haikuwa tayari, na mwenye dawa asilia aliendelea kutawala soko kwa muda ambao hakupewa na sheria yoyote.

Tarehe 24 Septemba 1984, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ambayo hujulikana kwa majina ya waasisi wake wawili, Seneta Orrin Hatch wa chama cha Republican na Mbunge Henry Waxman wa chama cha Democratic. Sheria hiyo ilikuwa mapatano. Mtengenezaji wa jeneriki aliruhusiwa kufanya majaribio mapema na kuwasilisha ombi fupi, akithibitisha tu kwamba dawa yake hutenda mwilini sawasawa na ile asilia. Mwenye hataza naye aliongezewa sehemu ya muda alioupoteza akisubiri idhini ya serikali, na akapewa nafasi ya kushtaki kabla ya nakala kufika dukani.

Utaratibu wenyewe huanza na kitabu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, huchapisha orodha ya dawa zilizoidhinishwa pamoja na hataza zake, na kwa sababu ya rangi ya jalada lake orodha hiyo huitwa Kitabu cha Chungwa. Anayeomba kutengeneza jeneriki hulazimika kutamka jambo moja kati ya manne kuhusu kila hataza iliyoorodheshwa: kwamba hakuna hataza, kwamba hataza imeisha, kwamba atangoja hadi iishe, au kwamba hataza hiyo ni batili au haitakiukwa na dawa yake. Tamko la nne ndilo linalozua vita.

Mwombaji anayetoa tamko la nne hutakiwa kumpelekea mwenye hataza taarifa yenye sababu zake, na tangu marekebisho ya mwaka 2003 hufanya hivyo ndani ya siku 20 baada ya FDA kumjulisha kwamba ombi limepokewa. Kuanzia siku mwenye hataza anapoipata taarifa hiyo, ana siku 45 za kufungua kesi. Asipofungua, FDA yaweza kuidhinisha jeneriki mara tu itakaporidhika na ubora wake. Akifungua, FDA kwa kawaida huzuiwa kutoa idhini kamili kwa miezi 30, isipokuwa mahakama iamue mapema kwamba hataza ni batili au haikukiukwa.

Msomaji wa fasihi atavutiwa na jambo moja hapa. Ili kesi iwepo lazima pawepo na kosa, lakini katika hatua hii hakuna hata kidonge kimoja kilichouzwa. Sheria hutatua tatizo hilo kwa ubunilizi: hutamka kwamba kule kuwasilisha ombi kwenyewe ni ukiukaji wa hataza. Mahakama husikiliza kesi kuhusu dawa ambayo haijauzwa, na hujiuliza kama ingalikiuka endapo ingaliuzwa. Ni ubunilizi wenye manufaa, kwani huwezesha mgogoro kutatuliwa kabla ya hasara kutokea.

Sheria pia iliweka kichocheo. Mwombaji wa kwanza kutoa tamko la nne aweza kupata siku 180 za kuuza jeneriki yake bila ushindani wa jeneriki nyingine zilizoombwa kwa njia hiyohiyo. Siku hizo ndizo zenye faida kubwa, na ndizo zinazoyafanya makampuni yakubali gharama za kesi ndefu.

Ratiba ya Mahakama

Kesi nyingi za aina hii hupelekwa katika mahakama za shirikisho za Delaware na New Jersey, ambako makampuni mengi ya dawa yamesajiliwa au yana makao. Kwa kuwa hakuna mauzo yaliyokwisha kufanyika, kwa kawaida hakuna fidia ya fedha inayodaiwa. Kwa hiyo kesi huamuliwa na jaji peke yake bila jopo la raia.

Baada ya hati ya madai na jibu kuwasilishwa, mawakili wa pande zote hutakiwa kukutana na kupendekeza mpango wa kesi. Kisha jaji hutoa amri ya ratiba. Kwa mujibu wa kanuni za mahakama za shirikisho, amri hiyo ikishatolewa haibadilishwi ila kwa sababu nzuri na kwa idhini ya jaji. Katika kesi za dawa, jaji aghalabu huhesabu akianzia mwisho: hutazama siku ambayo miezi 30 itakwisha, huacha nafasi ya kuandika hukumu, hupanga tarehe ya kusikiliza kesi kabla ya hapo, halafu huzigawa hatua nyingine katika miezi iliyobaki.

Hatua hizo hufuatana kwa mantiki. Kwanza huwapo kubadilishana nyaraka, ambapo kila upande huufichulia mwingine daftari za maabara, barua na ripoti zinazohusika. Pili, mashahidi huhojiwa kwa kiapo nje ya mahakama. Kanuni huweka mahojiano yasiyozidi kumi kwa kila upande, na kila moja lisizidi siku moja ya saa saba, isipokuwa jaji aruhusu au pande zikubaliane vingine. Tatu, huwapo kikao cha kufasiri madai ya hataza. Nne, mashahidi wataalamu huandika ripoti, na wenzao wa upande wa pili huzijibu. Mwisho, kesi husikilizwa mahakamani, pengine kwa wiki moja au mbili, na jaji hutoa hukumu ya maandishi. Anayeshindwa ana siku 30 za kutoa ilani ya rufaa kwa mahakama ya rufaa ya shirikisho jijini Washington, iliyoanzishwa mwaka 1982 na ambayo husikiliza rufaa zote za kesi za hataza.

Kwa juu juu ratiba hii haina upande. Kwa hakika, kila upande huipima kwa jicho lake. Katika miezi ya mwanzo, mwenye hataza hana haraka, kwa maana kizuizi cha miezi 30 humpa bila gharama kubwa kile ambacho kwa kawaida angelazimika kumwomba jaji na kukiwekea dhamana. Ni mtengenezaji wa jeneriki anayesukuma mbele. Miezi 30 inapokaribia kwisha bila hukumu, mambo hugeuka: sasa mwenye hataza ndiye anayehofu, kwa sababu mpinzani wake aweza kupata idhini na kuingia sokoni siku yoyote. Walioitunga sheria waliliona hili. Ndiyo maana waliupa upande wowote haki ya kulalamika kwamba mwenzake hashirikiani ipasavyo kuiharakisha kesi, na wakampa jaji uwezo wa kuurefusha au kuufupisha muda wa kizuizi kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, mwanya ulionekana. Baadhi ya makampuni yaliandikisha hataza mpya katika Kitabu cha Chungwa wakati kesi ya kwanza ikiendelea, na kila hataza ikazaa kizuizi kipya. Kwa dawa ya Paxil, inayotibu msongo wa mawazo, vizuizi vya namna hiyo vilifuatana na kupishana kwa zaidi ya miaka mitano. Marekebisho ya mwaka 2003 yaliuziba mwanya huo kwa kuruhusu, kwa jumla, kizuizi kimoja tu kwa kila ombi la jeneriki.

Kikao cha Maneno

Hatua ya kufasiri madai ndiyo inayomhusu zaidi mwanafunzi wa lugha. Mwaka 1996 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba kazi ya kufasiri madai ya hataza ni ya jaji, wala si ya jopo la raia. Tangu hapo mahakama hutenga kikao ambacho mawakili hubishana juu ya maana ya vitenzi, vivumishi na vielezi. Mwaka 2005, katika kesi iliyohusu kuta za magereza, mahakama ya rufaa iliweka mwongozo kuhusu vyanzo vya maana: matini ya hataza yenyewe, yaani madai pamoja na maelezo yake, yapewe uzito mkubwa kuliko kamusi. Huu ni msimamo ambao walimu wa semantiki na pragmatiki wataukubali bila shida. Neno hupata maana katika muktadha wake. Kamusi huja baadaye kama msaidizi.

Mifano miwili yatosha kuonyesha uzito wa kikao hicho. Wa kwanza ni wa dawa ya Fosamax ya kampuni ya Merck, inayotumika kuzuia mifupa isidhoofike. Hataza iliyobishaniwa ilihusu kumeza dawa hiyo mara moja kwa wiki badala ya kila siku, na madai yalitaja kipimo cha "takriban" miligramu 70 au 35. Merck ilidai kwamba neno hilo lilikuwa limepewa maana maalumu katika maelezo ya hataza, maana iliyolenga kiasi kamili cha asidi iliyomo ndani ya kidonge. Jaji wa Delaware alikubali, na hataza ikanusurika. Tarehe 28 Januari 2005, mahakama ya rufaa kwa wingi wa kura iliona vingine: aliyetaka kuliondoa neno la kawaida katika maana yake ya kawaida alipaswa kulisema jambo hilo waziwazi, na Merck haikufanya hivyo. "Takriban" ikabaki takriban. Mara tu madai yalipofasiriwa kwa upana huo, yalikaribiana mno na pendekezo la kipimo cha wiki lililochapishwa katika jarida moja mwaka 1996, na yakatangazwa kuwa batili. Hataza hiyo ingedumu hadi mwaka 2018. Jeneriki ziliingia soko la Marekani Februari 2008. Miaka kumi ya ulinzi iliondoka na kielezi kimoja.

Mfano wa pili ni wa Copaxone, dawa ya ugonjwa unaoharibu utando wa neva. Safari hii kampuni ya Teva, iliyokuwa mtengenezaji wa jeneriki katika kesi ya Fosamax, ilikuwa imeketi kwenye kiti cha mwenye dawa asilia, na mpinzani wake alikuwa Sandoz. Madai yalitaja "uzito wa molekuli" wa wastani bila kueleza ni wastani upi, ilhali wanakemia wana njia tatu za kuukokotoa na kila moja huweza kuleta jibu tofauti. Je, msemo wenye maana tatu waweza kuchora mpaka wa mali? Jaji wa New York alimwamini shahidi mtaalamu wa Teva kwamba mtaalamu angeielewa maana iliyokusudiwa. Mahakama ya rufaa ilikataa. Tarehe 20 Januari 2015, Mahakama Kuu Kabisa iliamua kwamba mahakama ya rufaa ilipaswa kuyaheshimu matokeo ya jaji kuhusu ukweli, kama vile namna wataalamu wanavyolitumia neno, isipokuwa pale ambapo kosa lake ni dhahiri. Kesi iliporudi, mahakama ya rufaa ilishikilia tena, Juni 2015, kwamba madai hayo hayakuwa na maana bayana.

Somo la kiutaratibu ni kwamba kikao cha maneno kikiwekwa mapema, pande zote hujua mapema zinakosimama, na nyingi huweza kupatana. Kikiwekwa mwishoni, wataalamu huandika ripoti zao kwa kubahatisha maana, na muda huliwa na kazi ambayo baadaye huenda ikatupwa.

Kesi ya Plavix: Saa Inapogonga Kabla ya Hukumu

Hakuna kesi inayoonyesha uzito wa ratiba kuliko ile ya Plavix, dawa inayozuia damu isigande na hivyo kuwakinga wagonjwa dhidi ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Ilikuwa ya kampuni ya Sanofi ya Ufaransa na iliuzwa Marekani kwa ushirikiano na Bristol-Myers Squibb. FDA iliiidhinisha tarehe 17 Novemba 1997. Kwa kuwa ilikuwa na kiambato kipya kabisa, sheria ilizuia maombi ya jeneriki yenye tamko la nne kwa miaka minne, na ikakirefusha kizuizi cha kesi hadi miaka saba na nusu tangu idhini ya kwanza.

Novemba 2001, mara miaka minne ilipotimia, kampuni ya Apotex ya Kanada iliwasilisha ombi lake. Machi 2002 Sanofi ilifungua kesi jijini New York. Ubishi wenyewe ulihusu molekuli zenye maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Hataza ya zamani ya Sanofi, ya mwaka 1985, ilielezea mchanganyiko wa maumbo yote mawili na kutaja kwa jumla kwamba kila umbo lilikuwa ndani ya uvumbuzi. Hataza ya baadaye ilidai umbo moja peke yake, lile lenye nguvu ya dawa na lisilo na madhara kwa neva. Apotex ilidai kwamba kilichokwisha kutajwa hakiwezi kuvumbuliwa tena. Sanofi ilijibu kwamba kutaja si kueleza, na kwamba hakuna mtaalamu aliyeweza kutabiri tabia ya umbo hilo kabla ya kulitenganisha.

Tarehe 17 Mei 2005 kizuizi kilikwisha. Hukumu haikuwa imetolewa. Kesi yenyewe haikuwa imeanza kusikilizwa. Tarehe 20 Januari 2006 FDA iliidhinisha jeneriki ya Apotex. Sasa Apotex ilikuwa na ruhusa ya kuuza lakini haikuwa na hakika kama hataza ingesimama. Pande mbili zilifanya mapatano ambayo yangeiruhusu Apotex kuingia sokoni mwaka 2011, ila yalihitaji kuidhinishwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho na wanasheria wakuu wa majimbo. Julai 2006 wanasheria hao waliyakataa. Hata hivyo, Sanofi ilikuwa imekubali katika mapatano hayo kwamba, yakivunjika, ingengoja siku kadhaa za kazi baada ya jeneriki kuzinduliwa kabla ya kuomba zuio, na kwamba fidia yake isingezidi nusu ya mauzo halisi ya Apotex.

Tarehe 8 Agosti 2006 Apotex iliingia sokoni kwa kujihatarisha. Malori yakaanza kusambaza dawa nchi nzima. Tarehe 31 Agosti jaji Sidney Stein alitoa zuio la muda, akaitaka Sanofi iweke dhamana ya dola milioni 400, lakini hakuamuru dawa iliyokwisha kusambazwa irudishwe. Wiki tatu zilitosha kulijaza soko. Wagonjwa wengi waliendelea kupata jeneriki kwa miezi kadhaa baada ya zuio, kutoka katika shehena iliyokuwa imekwisha kutoka ghalani.

Kesi ilisikilizwa kuanzia tarehe 22 Januari hadi 15 Februari 2007, na tarehe 19 Juni 2007 jaji akaamua kwamba hataza ilikuwa halali. Mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi huo Desemba 2008. Oktoba 2010 Apotex iliamriwa kulipa fidia ya takriban dola milioni 442, yaani asilimia 50 ya mauzo yake, kama mapatano yaliyovunjika yalivyokuwa yamesema. Jeneriki zilirejea sokoni Mei 2012, baada ya ulinzi wa kisheria kumalizika.

Tafakari ya mlolongo huu yaonyesha kwamba, kwa upande wa sayansi, Sanofi ilishinda kila mahali. Kilichoitia hasara si udhaifu wa hataza yake, bali tarehe: kizuizi kilichokwisha miezi 20 kabla ya kesi kusikilizwa, na kifungu kidogo cha mapatano kilichoifunga mikono kwa siku chache. Kwa mgonjwa wa Marekani, tarehe zilezile zilimaanisha miezi michache ya kununua kwa bei nafuu dawa aliyoihitaji kila siku.

Mapatano ya kuahirisha ushindani yaliendelea kuzua maswali. Juni 2013, katika kesi nyingine iliyoihusu kampuni ya Actavis, Mahakama Kuu Kabisa iliamua kwamba malipo makubwa ambayo mwenye hataza humpa mshindani wake ili akubali kungoja huweza kuchunguzwa chini ya sheria za ushindani wa kibiashara. Kwa maneno mengine, kununua muda huweza kuwa kosa hata pale ambapo hataza ipo.

Uhusiano na Kenya

Kenya ina historia yake katika suala hili, na historia hiyo nayo ni ya muda na maana ya maneno. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Ufafanuzi wa bidhaa ghushi katika kifungu cha pili ulikuwa mpana, kiasi kwamba ungeweza kuzihusisha dawa zilizotengenezwa bila idhini ya mwenye haki ya ubunifu, iwe nchini Kenya au kwingineko. Mwaka 2009 Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi wakieleza kwamba maisha yao yalitegemea dawa za jeneriki, na kwamba ufafanuzi huo ungeziweka dawa hizo katika kapu moja na dawa za bandia.

Aprili 2010, kabla ya kesi kuamuliwa, mahakama ilitoa agizo la muda la kusimamisha matumizi ya vifungu vilivyolalamikiwa kwa kadiri vilivyohusu dawa za jeneriki. Tarehe 20 Aprili 2012 jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo, vikitumika dhidi ya dawa za jeneriki, vilihatarisha haki ya uhai, hadhi ya binadamu na afya zinazolindwa na Katiba ya mwaka 2010.

Kesi hii haikuwa ya ukiukaji wa hataza fulani, wala haikuendeshwa kwa sheria ya namna ya ile ya 1984. Pamoja na hayo, ulinganisho wake una faida. Nchini Marekani, kizuizi cha miezi 30 huja kwa nguvu ya sheria na humlinda mwenye hataza wakati kesi inaendelea. Mgonjwa ndiye anayengoja. Mjini Nairobi, agizo la muda lilimlinda mgonjwa kwa miaka miwili. Wenye haki za ubunifu ndio waliongoja. Katika hali zote mbili hapakuwa na hukumu bado, na mtu alikuwa amekwisha kupata au kukosa.

Wajibu wa wataalamu wa Kiswahili nao hujitokeza hapa. Ikiwa vyombo vya habari vitatumia "dawa bandia" kwa kila dawa isiyo ya kampuni asilia, msikilizaji ataamini kwamba jeneriki anayopewa kliniki ni ghushi, na huenda akaiacha. Istilahi kama hataza, jeneriki, bandia, ghushi, zuio na dhamana zahitaji kusanifiwa, kufafanuliwa na kutumiwa kwa uthabiti, katika magazeti, katika vyumba vya mahakama na katika vijitabu vya hospitali. Kosa la istilahi katika uwanja huu humfikia mtu akiwa mbele ya dirisha la duka la dawa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza utaratibu wa kesi za hataza za dawa nchini Marekani kuanzia taarifa ya mwombaji, siku 45 za kushtaki, miezi 30 ya kizuizi, amri ya ratiba, kikao cha kufasiri madai, hadi hukumu na rufaa. Imedhihirika kwamba ufasiri wa neno moja uliweza kuondoa ulinzi wa miaka kumi katika kesi ya Fosamax, na kwamba tarehe chache ziliweza kuisumbua hata hataza imara katika kesi ya Plavix.

Anayeisoma kesi ya aina hii, awe mwanasheria au mwanaisimu, hafai basi kusubiri ukurasa wa mwisho ili ajue nani ameshinda. Aisome kwanza ratiba. Aulize agizo la muda linamlinda nani, kizuizi kinakwisha siku gani, na kikao cha maneno kimewekwa kabla au baada ya siku hiyo. Haraka haina baraka, ni kweli, na jaji anahitaji muda wa kuyapima maneno na molekuli. Lakini matumbo yanayoumizwa na ngoja ngoja huwa na wenyewe, na ni utaratibu wa mahakama unaoamua yawe ya nani.